Sheria Iliyoijua Benki Tu: Jinsi Kenya Ilivyozifuata Fedha za Simu na Mikopo Yake

Mfanyabiashara wa omena katika soko la Kibuye mjini Kisumu anaweza, kabla ya saa sita mchana, kupokea malipo kwa namba yake ya till, kumtumia mvuvi wa Usenge pesa za mzigo wa kesho, kufidia upungufu wa shilingi mia tatu kwa Fuliza, yaani mkopo mdogo wa papo hapo wa M-Pesa salio lisipotosha, kulipa awamu ya simu aliyoichukua kwa lipa polepole, na kubishana na mwanawe kuhusu zile sarafu za mtandaoni anazonunua na kuuza usiku. Kwake yeye hizo zote ni pesa za simu. Kwa sheria ya Kenya ni shughuli tofauti, zinazosimamiwa na ofisi tofauti, chini ya sheria zilizotungwa katika miaka iliyopishana sana, na kuna mojawapo ambayo bado inatafutiwa mahali pake.

Lawama iliyozoeleka ni kwamba sheria hulala huku teknolojia ikikimbia. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini haituelezi jambo. Haituelezi kwa nini huduma ya kutuma pesa, iliyoendeshwa kwa miaka kadhaa bila sheria yake mahususi, haikuporomoka na akiba za watu, ilhali mikopo ya programu za simu, iliyoendeshwa nayo kwa miaka kadhaa bila sheria yake, iliwaacha watu wakiaibishwa mbele ya wakwe na waajiri wao. Ucheleweshaji ulikuwa uleule, matokeo yakawa mbalimbali. Ili kuona sababu, hatuna budi kuanza na namna sheria yetu ilivyokuwa imeielewa benki.

Sheria ya Benki, sura ya 488, inaitambua biashara ya benki kwa mambo mawili makuu: kupokea fedha za umma kama amana, na kuzitumia fedha hizo kwa kukopesha, kuwekeza au kwa njia nyingine yoyote, kwa hesabu na kwa hatari ya yule anayezitumia. Benki, kwa hiyo, ina mikono miwili, mmoja unapokea na mwingine unakopesha. Hatari yake kwa jamii inatokana na mikono hiyo kufanya kazi pamoja, kwa kuwa fedha za aliyeweka tayari ziko mikononi mwa aliyekopa, na siku wote walioweka wakizitaka kwa mkupuo hazitapatikana. Ndiyo maana sheria inaidai benki mtaji wa kutosha, inaikagua vitabu, na inailazimisha kuchangia bima ya amana. Mfumo huo wote ulijengwa kwa kuamini kwamba mikono hiyo miwili itakuwa ya mwili mmoja daima. Kilichofanywa na simu ni kuitenganisha.

Mkono wa kwanza kutengwa ulikuwa wa kupokea. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wateja wa shirika la mikopo midogo la Faulu kulipa madeni yao kupitia simu. Wateja hao wakaitumia kwa jambo ambalo hawakuambiwa, yaani kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa na Safaricom mnamo Machi 2007 ikawa hiyo ya kutumiana. Swali la kisheria lililotangulia mengine yote lilikuwa hili: kampuni ya simu inayopokea fedha taslimu za watu na kuwaandikia salio kwenye laini zao, je, haifanyi biashara ya benki bila leseni?

Jibu lilipatikana katika mpangilio ambao watumiaji wengi hawajawahi kuuona. Wakala wa Kondele anapompokea mteja noti ya shilingi elfu moja, haziumbi pesa za simu anazomtumia. Anazitoa katika floti yake, ambayo aliinunua mapema kwa fedha halisi zilizowekwa benki. Kila shilingi iliyo katika simu ya mtu yeyote ina shilingi mwenzake iliyokwisha kulazwa benki. Nazo fedha hizo za benki si mali ya Safaricom. Zinashikiliwa na kampuni nyingine kama mdhamini kwa niaba ya wenye salio. Safaricom haiwezi kuzikopesha, haiwezi kujengea minara kwazo, na kama ingefilisika, wadai wake wasingekuwa na haki ya kuzigusa. Mkono unaokopesha haumo kabisa. Kwa msingi huo Benki Kuu ya Kenya, mapema mwaka 2007, iliandika barua ya kutokuwa na pingamizi. Barua hiyo haikuwa leseni, kwa sababu hapakuwa na sheria ya kutolea leseni. Ilikuwa kauli ya msimamizi kwamba ameutazama mpango, ameona mahali hatari ilipozibwa, na anaruhusu huduma ianze huku akiendelea kuitazama.

Mtihani ulikuja mapema kuliko ilivyotarajiwa. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maduka ya Kisumu yalivunjwa na kuchomwa, barabara za magharibi zikafungwa, na kwa watu wengi simu ikawa njia pekee iliyobaki ya kumfikishia ndugu aliyekwama pesa za unga. Idadi ya watumiaji ikakua kwa kasi iliyozishtua benki. Desemba 2008, aliyekuwa kaimu Waziri wa Fedha, John Michuki, aliagiza huduma hiyo ichunguzwe, agizo ambalo wengi walilihusisha na malalamiko ya benki zenyewe. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kwamba haikuona kasoro ya kuifanya isimamishwe. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Kitaifa ilipitishwa mwaka 2011, na kanuni zake zikatoka mwaka 2014. Kanuni hizo, ukizisoma kwa makini, kwa sehemu kubwa zinalazimisha yale yaliyokuwa yakifanywa kwa hiari: fedha za wateja zikae katika mfuko wa udhamini, zisichanganywe na za kampuni, zisikopeshwe, na zikizidi kiwango fulani zigawanywe katika benki kadhaa ili kuanguka kwa benki moja kusiwe kuanguka kwa wote.

Hadithi hii imesimuliwa katika makongamano mengi ya dunia kama mfano wa msimamizi mwerevu aliyekaa pembeni akauacha ubunifu ukue. Naona sifa hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Kilichomlinda mteja kati ya 2007 na 2014 hakikuwa kukosekana kwa sheria. Ilikuwa sheria kongwe ya udhamini, ambayo imewazuia wadhamini kula mali ya wanaowadhamini tangu kabla umeme haujavumbuliwa, na ambayo mtu fulani alikuwa na busara ya kuiingiza katika mpango tangu mwanzo. Benki Kuu ilisubiri, lakini ilisubiri juu ya msingi. Mtu akiiga kusubiri bila kuiga msingi atapata jambo lingine kabisa, na hilo ndilo tulilolipata katika mikopo.

Mkono wa kukopesha ulitengwa kwa namna ambayo mwanzoni haikumtia mtu wasiwasi. Novemba 2012 ilikuja M-Shwari, ambayo kisheria haikuwa kitu kigeni: nyuma yake kulikuwa na benki yenye leseni, ikipokea akiba na kutoa mikopo, isipokuwa mlango wake ulikuwa simu. Baadaye wakaja wakopeshaji wasio na benki nyuma yao. Walikuwa na programu ya kupakua, fedha za wawekezaji, na hesabu za kompyuta zilizopima uwezo wa mkopaji kwa kuchungulia simu yake: jumbe za miamala, majina ya watu wake, mahali anaposhinda. Hawakupokea amana ya mtu yeyote. Kwa hiyo, kwa hoja ileile iliyoifanya M-Pesa isiwe benki, nao hawakuwa benki. Mmoja alipokea bila kukopesha, na hawa walikopesha bila kupokea. Sheria iliyokuwa ikimtafuta mwenye mikono miwili iliwapita wote wawili.

Tofauti ni kwamba upande huu hapakuwa na mfuko wa udhamini wa kuziba pengo, wala usingefaa kitu kama ungekuwapo, maana kilichokuwa hatarini hakikuwa amana. Fedha zilikuwa za mkopeshaji. Akizipoteza, ni shauri lake na wawekezaji wake. Kilichokuwa cha mteja ni taarifa zake. Mwenye boda boda wa Nyalenda aliyekopa shilingi elfu mbili na kuchelewa kwa siku nne hakunyang'anywa pikipiki. Alipigiwa mama mkwe simu, akapigiwa mwenyekiti wa chama chake, na watu waliokuwamo katika orodha ya majina ya simu yake wakatumiwa ujumbe kwamba fulani ni mwizi wa mikopo. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kudai. Dhamana ya mkopo ilikuwa heshima ya mtu, na iliuzwa bila mnada.

Isitoshe, madeni madogo yalipelekwa katika ofisi za taarifa za mikopo, zile ambazo kila mtu huziita CRB. Kijana aliyeshindwa kulipa mia tano angeweza kukuta jina lake limeharibika siku anapokwenda kuomba mkopo wa maana katika benki au Sacco. Aprili 2020, wakati biashara zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina huko, na ikaagiza madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 yasiorodheshwe. Angalia jinsi hatua hiyo ilivyopitia mlango wa nyuma. Benki Kuu haikuwa na mamlaka juu ya wakopeshaji, lakini ilikuwa na mamlaka juu ya CRB, basi ikamfunga mkopeshaji kwa kumfunga mtu aliyemhitaji. Msimamizi asiye na sheria ya moja kwa moja mara nyingi hufanya kazi namna hiyo, na mwanasheria anayetaka kuelewa usimamizi wa teknolojia za fedha atafaidika zaidi kwa kutazama ni nani anayebanwa kwa niaba ya nani kuliko kwa kusoma majina ya sheria.

Mlango wa pili ulikuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo haikutungwa kwa ajili ya mikopo hata kidogo, lakini ilitua palepale pa kidonda. Inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwa sababu iliyoelezwa, kwa kiasi kinachohitajika, na zisitumiwe kwa jingine. Majina ya rafiki zako yaliyo katika simu yako si yako peke yako kuyagawa. Nao ni wenye haki, na hawakukopa. Ofisi ya Kamishna wa Data imekwisha kuwatoza faini wakopeshaji kadhaa kwa kuwasumbua watu ambao hawakuwahi kuomba hata shilingi, na mwaka 2023 baadhi yao walitozwa shilingi milioni 5. Kiasi hicho ndicho kilele. Sheria inasema faini ya kiutawala isizidi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, kwa kufuata kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Kwa duka la mtaani asilimia moja ni adhabu ndogo inayolingana na ukubwa wake. Kwa kampuni yenye mapato ya mabilioni, ile milioni 5 ni gharama ya kawaida ya biashara. Sidhani waliotunga kifungu hicho walikuwa wakiwafikiria wakopeshaji wa simu.

Sheria yenyewe ya mikopo ya kidijitali ilipatikana Desemba 2021, kwa kuirekebisha Sheria ya Benki Kuu, na kanuni zikatoka Machi 2022. Sasa kukopesha peke yake, bila kupokea amana, kukawa shughuli inayohitaji leseni, na anayeifanya bila leseni anaweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au yote mawili. Mwombaji wa leseni lazima aonyeshe fedha zake zimetoka wapi. Amekatazwa kutisha, kutukana, kuchapisha majina ya wadaiwa, na kuingia katika orodha ya majina ya simu ya mteja ili kuwapigia watu wake. Deni likishakuwa bovu, riba anayoweza kudai haiwezi kuzidi kile kiasi cha msingi kilichobaki, kanuni ambayo benki zimeishi nayo tangu 2007. Kufikia Septemba 2022 waombaji walikuwa 288 na waliopewa leseni walikuwa 10 tu. Waliosalia waliendelea kufanya kazi maombi yao yakisubiri. Katikati ya 2025 wenye leseni walikuwa wamepita 100.

Pamoja na hayo, suala la bei halijatulia, nalo lina historia yake. Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 Kenya ilikuwa na kikomo cha riba: benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya alama nne za asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mkopo wa M-Shwari wa siku thelathini ulikuwa na gharama ya asilimia 7.5, ambayo ukiihesabu kwa mwaka inakipita kikomo hicho mbali sana. Benki ilishikilia kwamba hiyo ilikuwa ada ya huduma, wala si riba, na huduma ikaendelea. Fuliza ilipoingia Januari 2019 nayo ilitoza ada. Hapa sheria haikuchelewa; ilikuwapo, imeandikwa kwa hasira nyingi za wabunge, na ikapitwa kwa sababu ilitaja aina moja ya malipo badala ya kutaja gharama yote anayoibeba mkopaji. Kanuni za 2022 zimejifunza kidogo kutokana na hilo, kwa kudai mkopaji aelezwe gharama yote kabla ya kukubali. Kama mama wa Kibuye husoma ukurasa huo wa masharti huku wateja wakimngoja ni swali ambalo kanuni haiwezi kulijibu.

Kuna ofisi moja ambayo haijawahi kuchelewa, nayo ni ya ushuru. Ada za kutuma pesa zilianza kutozwa ushuru wa asilimia 10 mwaka 2013, yaani kabla ya kanuni za kumlinda mwenye pesa hizo kutoka. Kiwango kikapanda hadi asilimia 12 mwaka 2018 na 15 mwaka 2023. Mtoza ushuru hahitaji kuelewa kitu ili akitoze; anahitaji tu kuona kimepita. Mlinzi wa mteja ndiye anayehitaji kuelewa, na kuelewa huchukua muda.

Mpaka wa Busia unaonyesha ugumu mwingine, ambao hausababishwi na uchelewaji hata kidogo. Leseni ya huduma ya malipo inatolewa na nchi, na inakoma mpakani. Upande wa Kenya M-Pesa ndiyo inayotawala. Upande wa Uganda watu hutumia zaidi MTN na Airtel, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Uganda ya mwaka 2020. Zipo njia rasmi za kutuma pesa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, zenye ada zake na kiwango chake cha kubadilisha fedha, lakini wafanyabiashara wengi wa nafaka na mitumba hubeba laini mbili na kumtumia mtu wa kubadilisha: unamtumia shilingi za Kenya kwenye laini yake ya huku, anakutumia za Uganda kwenye laini yako ya kule. Hakuna pesa iliyovuka mpaka. Zimesogea mahali pawili, kila moja ndani ya nchi yake, na kwa mitambo ya nchi zote mbili huo ni muamala wa kawaida wa ndani. Wanaotafuta utakatishaji wa fedha haramu wana sababu ya kutopenda jambo hilo. Mwenye magunia kumi ya mahindi naye ana sababu ya kulipenda. Hatari inayompata huyo wa magunia ni ya kawaida zaidi. Laini ya upande wa pili mara nyingi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na mbele ya kampuni ya simu mwenye salio ni yule aliyesajiliwa. Wakikosana, pesa zina mwenyewe, naye si mwenye magunia. Uganda yenyewe ilijaribu mwaka 2018 kutoza asilimia moja ya kila muamala wa pesa za simu, ikarudi nyuma mwaka huohuo na kubakiza nusu asilimia kwa utoaji peke yake. Kwa miezi ile kutumia laini ya Kenya kulikuwa na faida iliyo wazi kwa yeyote aliyeweza kutembea hatua mia mbili.

Nije kwa zile sarafu za usiku. Hapa Kenya ilijibu kwa namna ya tatu, isiyofanana na M-Pesa wala mikopo: ilikataa kuzitambua. Desemba 2015 Benki Kuu ilitoa onyo kwa umma kwamba sarafu kama bitcoin si fedha halali na hazina ulinzi wowote. Mwezi huohuo Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuilazimisha Safaricom, kwa amri ya muda, kurejesha huduma iliyokuwa imeikatia kampuni iliyoshirikiana na BitPesa, iliyokuwa ikihamisha fedha kwa bitcoin. Hilo nalo lina funzo kwa anayechunguza jinsi usimamizi unavyotendeka: pasipo sheria, aliyeamua nani aingie sokoni alikuwa mwenye mtambo, kwa hofu ya kupoteza leseni yake mwenyewe. Onyo hilo halikuwazuia vijana. Liliwahamishia katika biashara ya mtu kwa mtu, ambapo mnunuzi hutuma pesa za simu kwa asiyemjua na kungoja sarafu zije, na asipoziona hana pa kushtaki, kwa kuwa alikwisha kuonywa.

Mwaka 2023 Bunge likaweka kodi ya asilimia 3 juu ya uhamishaji wa mali za kidijitali, na hivyo kitu ambacho serikali ilisema haikitambui kikaanza kuilipa kodi. Februari 2024 Kenya iliingizwa katika orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia utakatishaji wa fedha, na mojawapo ya mapengo yaliyotajwa lilikuwa kutokuwapo kwa usimamizi wa wafanyabiashara wa mali hizo. Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio. Kodi ile ya asilimia 3 ikafutwa mwaka 2025, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada, na Oktoba 2025 Rais William Ruto akatia sahihi sheria ya watoa huduma za mali pepe, inayozipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni. Msukumo, kama inavyoonekana, ulitoka nje zaidi kuliko kwa kijana aliyetapeliwa Kondele. Hata hivyo sheria hiyo inamtaka mtoa huduma atenganishe mali za wateja na zake, na hapo ndipo wazo la 2007 linaporudi kwa jina jingine, miaka kumi na minane baadaye.

Imebaki ile awamu ya simu. Maduka mengi ya Oginga Odinga Street, na ya Nakuru na Kakamega vilevile, huuza simu kwa malipo ya kila siku: unatoa kianzio, unalipa shilingi hamsini au mia kwa siku, na ukikosa, simu inajifunga yenyewe hadi ulipe. Mwuzaji wa aina hii hapokei amana. Anadai kwamba hakopeshi fedha pia, kwa kuwa anatoa bidhaa. Desemba 2024 Sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa tena, na mamlaka yake yakapanuliwa kutoka kwa wakopeshaji wa kidijitali hadi kwa watoa mikopo wasiopokea amana kwa jumla, maneno mapana yaliyokusudiwa kuwafikia watu wa namna hiyo pia.

Leseni, hata hivyo, haijibu swali la kufungwa kwa simu. Sheria ya kununua kwa awamu, sura ya 507, ambayo ni ya mwaka 1968 na ilitungwa watu wakichukua redio na cherehani kwa mkopo, ina kifungu kinachosema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuirudisha mikononi mwake ila kwa kwenda mahakamani. Bunge la wakati huo lilikuwa limeona mwuzaji akingoja hadi awamu ya mwisho ndipo avamie nyumba ya mtu. Sasa chukua mwenye boda boda aliyelipa theluthi mbili ya bei ya simu anayoitumia kupokelea wateja na malipo yao, akaugua malaria siku tatu. Simu iko mfukoni mwake. Hakuna aliyeichukua. Mwuzaji, kutoka ofisi iliyo mbali, ameizima kwa amri ya kompyuta, na haikuhitajika karani wa mahakama wala dalali. Atakayemtetea mwuzaji atasema kwamba kifungu kinazungumzia kurudisha mali mikononi, na mali haijaondoka. Atakayemtetea mnunuzi atasema kwamba simu isiyofunguka imekwisha kurudishwa, imeachwa tu ikae mfukoni mwa mwingine, na kwamba kifungu cha 1968 kilikusudia kuzuia shinikizo hilohilo. Naiona hoja ya pili kuwa na nguvu zaidi, na kinachohitajika ili ipimwe ni mnunuzi mmoja mwenye mkataba ulioandikishwa, risiti za theluthi mbili, na wakili aliye tayari kuipeleka kesi ya simu ya shilingi elfu kumi na tano mbele ya hakimu wa Kisumu.